Kanisa la kijiji la Uingereza lisome kwa makovu yake

Mgeni anapoingia katika kanisa la kale la kijiji huko Uingereza, kwa kawaida huelezwa mitindo kwanza: tao hili ni la Kinormani, dirisha lile ni la karne ya 14, mnara ni wa karne ya 15. Mitindo ina kazi yake na nitaigusa. Ila mimi naona njia bora ya kulielewa jengo hili ni kutafuta mahali lilipokatwa, lilipozibwa na lilipobanduliwa. Ni makanisa machache sana yaliyojengwa kwa mkupuo mmoja. Mengi yalianza kuwa jengo dogo la mawe miaka ya karibu na 1066, Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza, yakaongezwa ubavu, paa likainuliwa, madirisha yakapanuliwa, na katika karne ya 16, wakati wa Matengenezo ya Kanisa (Uingereza ilipojitenga na Papa na kuacha desturi nyingi za Kikatoliki), yakapokonywa sehemu kubwa ya vyombo vyake. Kila kazi iliacha alama, na alama hizo husema palikuwa na nini na kilitumikaje.

La kwanza kujua ni nani alilipia nini. Kanisa la parokia lina vyumba viwili vikuu vinavyofuatana kutoka mashariki hadi magharibi. Mashariki ni chumba cha altare, mahali pa kasisi na misa. Magharibi ni ukumbi wa waumini. Kati yao kuna tao kubwa. Kufikia karne ya 13 sheria ya Kanisa ilikuwa imeshatulia: chumba cha altare kilikuwa juu ya mwenye kula zaka kuu ya parokia, awe kasisi mwenyewe au monasteri iliyoitwaa parokia hiyo; ukumbi, na kwa kawaida mnara pia, ulikuwa juu ya wanaparokia. Ndiyo maana unaweza kukuta ukumbi wa karne ya 15 mrefu, mpana, wenye mwanga tele, halafu chumba cha altare cha karne ya 12 kimejibanza nyuma yake. Wanakijiji walikuwa na fedha za sufu. Monasteri ya mbali haikuona sababu ya kufungua mkoba. Huko Heckington, Lincolnshire, utaona fedha za kasisi zikifanya kazi: Richard de Potesgrave, aliyetumikia ikulu ya mfalme, aligharimia chumba cha altare chenye nakshi za hali ya juu na akazikwa humo humo.

Mzigo huo haukwisha na enzi za kati. Henry VIII alipovunja monasteri, ardhi za zaka zilipita mikononi mwa watu binafsi pamoja na wajibu wa ukarabati. Mwaka 2003 Baraza la Malodi, lililokuwa bado mahakama ya juu kabisa ya nchi, liliamua katika shauri la parokia ya Aston Cantlow, Warwickshire, kwamba wenye shamba moja wanapaswa kulipia chumba cha altare. Hesabu ya kwanza ilizidi pauni 95,000.

Upande wa wanaparokia, Robert Winchelsey, Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 14 alitoa orodha ya vitu walivyopaswa kununua na kutunza: vitabu vya ibada, kikombe, mavazi ya misa, msalaba wa maandamano, chetezo, jeneza la kubebea maiti, kengele na kamba zake, birika la ubatizo lenye kufuli, sanamu za watakatifu, na uzio wa makaburini. Ukiwa na orodha hiyo kichwani, tundu nyingi za ukutani zinaanza kueleweka.

Sasa tazama safu za nguzo zinazotenga ukumbi na mbavu zake, yaani nafasi ndefu za pembeni. Ukumbi wa kwanza haukuwa na mbavu. Ulikuwa na kuta nne tu. Nafasi ilipohitajika kwa ajili ya watu, maandamano na altare za pembeni, mafundi hawakubomoa. Walijenga kwanza ukuta mpya nje, sambamba na wa zamani, wakauezeka paa la mteremko mmoja, na misa ikaendelea ndani. Kisha wakaukata ukuta wa zamani kwa vipande: mwanya mwembamba hapa, nguzo ikasimamishwa, mwanya mwingine pale, nguzo ya pili. Mawe ya tao yakaingizwa juu ya fomu ya mbao huku ukuta wa juu ukiwa umesimama. Mwisho kabisa wakatoa mawe yaliyobaki chini ya tao. Matokeo yake ni kitu ambacho watu wengi hawakitarajii: ukuta ulio juu ya tao una umri mkubwa kuliko tao lenyewe. Ushahidi upo wazi. Inua macho juu ya nguzo, utaona nusu ya dirisha dogo la kale lililokatwa na tao. Nenda mwisho wa ubavu upande wa magharibi, utakuta mawe makubwa ya pembe yamebaki katikati ya ukuta, yaani kona ya nje ya ukumbi wa kwanza. Nguzo za kaskazini zikiwa nene za mviringo na za kusini nyembamba zenye pembe nane, jua kwamba kila ubavu ulikatwa kwa wakati wake, huenda kwa kupishana miaka mia.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Mawe ya kati ya ukuta wa Kinormani ni kifusi kilichomwagiwa chokaa kati ya nyuso mbili za mawe yaliyochongwa, unene wa karibu mita moja. Uzito uliokuwa umesambaa chini ya ukuta mzima ukahamia kwenye nguzo tano au sita zenye msingi mfupi. Baadaye wakaongeza juu yake safu ya madirisha ya kuleta mwanga, na paa zito la mwaloni likasukuma kutoka ndani kwenda nje. Ndiyo sababu safu nyingi za nguzo zimelalia nje kidogo. Simama mwanzo wa safu, funga jicho moja, utaliona.

Kovu la paa ni rahisi zaidi. Tazama uso wa mnara unaoelekea ukumbini. Mara nyingi kuna mstari wa mawe wenye umbo la ncha, ama juu ya paa la sasa, ama ndani chini yake. Huo ni usawa wa paa la zamani. Paa la nyasi au la vigae linahitaji mteremko mkali ili maji yakimbie. Mabamba ya risasi, ile metali nzito na laini, hayataki mteremko mkali, kwa sababu joto la jua huyatanua, baridi huyasinyaza, na kila mzunguko huyasogeza chini kidogo hadi yanapasuka kwenye misumari. Kwa hiyo karne ya 15, fedha zilipopatikana, kuta ziliinuliwa, paa likalazwa na risasi ikatandazwa. Mabamba ya kale yalimwagwa juu ya kitanda cha mchanga na yalikuwa mazito. Mapya yakiwa membamba mno au marefu mno hupasuka mapema.

Ndani ya paa hilo ndiko maseremala wa Norfolk, Suffolk na Cambridgeshire walikoonyesha ustadi. Badala ya boriti moja kuvuka upana wote, walitoa boriti fupi kila upande, zikashikiliwa na viegemeo vilivyopinda, na juu yake wakasimamisha miimo ya kubeba makombamoyo. Mbao zilikuwa za mwaloni mbichi, uliochongwa ungali na maji, maungio yakiwa ya ulimi na tundu na kufungwa kwa vigingi vya mbao. Mwaloni ukikauka hujikunja na kukaza maungio. Kanisa la Mtakatifu Wendreda katika mji wa March, Cambridgeshire, lina ngazi mbili za boriti hizo fupi na kundi kubwa la malaika wenye mabawa yaliyofunguliwa. Nendeni na darubini. Bila hiyo mtaona giza tu.

Mitindo, kwa ufupi. Majina yake mengi yanayotumika leo yalipangwa na Thomas Rickman mwaka 1817, kwa hiyo waashi wenyewe hawakuyajua. Kuta nyembamba na ndefu zenye mawe ya pembe yaliyowekwa moja wima moja laza ni za Wasaksoni kabla ya 1066. Mnara wa Earls Barton ni mfano mzuri. Tao la nusu duara lenye nakshi ya msumeno ni la Wanormani, hadi karibu 1190. Nendeni Kilpeck, Herefordshire. Dirisha jembamba lenye ncha ni la karne ya 13. Nakshi za mawe zinazopindapinda juu ya dirisha ni za takriban 1280 hadi tauni kubwa ya 1348–49. Baada ya hapo, hadi miaka ya 1530, dirisha likawa pana na miimo yake ya mawe ikapanda moja kwa moja hadi juu. Inatosha kwa kuanzia. Dirisha jipya liliweza kuwekwa katika ukuta wa zamani, kwa hiyo usimpe mtu umri wa ukuta kwa kuangalia dirisha.

Kuhusu minara tuna bahati: mikataba michache imebaki. Wa Walberswick, pwani ya Suffolk, ni wa 1426. Waashi wawili walikubaliana kulipwa shilingi 40 kwa kila yadi ya mnara, pamoja na kasha la samaki aina ya heringi kila mwaka, na walitakiwa kufanya kazi kati ya sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, 25 Machi, na ya Mtakatifu Mikaeli, 29 Septemba. Msimu huo ni sharti la chokaa. Chokaa haikauki kwa kupoteza maji peke yake. Hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa polepole, na baridi kali ikiikuta bado mbichi huivunja. Majira ya baridi kichwa cha ukuta kilifunikwa kwa majani makavu na samadi. Mnara uliojengwa kwa haraka ulipasuka kwa uzito wake wenyewe. Kuta za nje bado zina tundu za mraba, sasa zimezibwa, ambamo milingoti ya jukwaa la mafundi iliingizwa. Ukizifuata utaona kila kimo cha jukwaa.

Mawe yalitegemea mto au bahari, kwa kuwa kuyabeba kwa mkokoteni kulizidi upesi bei ya jiwe lenyewe. Machimbo ya Barnack yalipeleka mawe yake kwa mashua katika nchi ya mabwawa, na yale ya Caen, Normandy, kwa jahazi hadi kusini mwa Uingereza. Norfolk haina jiwe la kuchonga pembe. Ina gumegume, vipande vya ngumi vilivyokusanywa mashambani. Minara ya mviringo zaidi ya mia iliyopo huko inaelezwa mara nyingi kwa sababu hiyo: mviringo hauhitaji pembe.

Tuingie kwenye vyombo, na tuanzie mlangoni, kwa sababu birika la ubatizo husimama karibu na mlango wa magharibi au kusini. Ubatizo ndio kuingia Kanisani. Birika la enzi za kati ni kubwa kwa kuwa mtoto alizamishwa mwili mzima. Ndani lilifunikwa kwa risasi, maana jiwe hunyonya maji, na chini lina tundu linalopeleka maji ardhini, chini ya kanisa lenyewe, si nje njiani. Maji yaliyobarikiwa yaliachwa humo kwa wiki kadhaa, na watu waliyaiba kwa uganga. Mwaka 1236 Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza mabirika yafunikwe na kufungwa kwa kufuli. Sasa pitisha kidole kwenye ukingo wa juu. Mahali pawili panapokabiliana utakuta jiwe limemeguka au limezibwa kwa kipande kipya, pengine na kutu bado imo ndani. Hapo palipachikwa pete za chuma zilizoshika kitasa cha kifuniko, na zilipong'olewa ziliondoka na jiwe. Ukiona alama hizo unajua birika lilikuwapo likitumika kabla ya Matengenezo.

Vifuniko vya mwanzo vilikuwa mbao bapa. Baadaye vikawa minara ya nakshi. Kile cha Ufford, Suffolk, kina kimo cha zaidi ya mita tano, na sehemu yake ya chini huteleza kupanda juu ya ile ya juu. William Dowsing, aliyezunguka Suffolk na Cambridgeshire mwaka 1643 na 1644 akivunja picha na sanamu kwa idhini ya Bunge, alifika Ufford, na kifuniko kikabaki.

Katika chumba cha altare, makovu yako kwenye ukuta wa kusini. Tafuta kidaka kidogo chenye sahani ya jiwe na tundu: hapo kasisi aliosha vidole na kikombe, na maji hayo matakatifu yakaingia ukutani hadi ardhini. Vidaka vyenye tundu mbili ni vya nusu ya pili ya karne ya 13, moja la mikono, moja la kikombe. Kando yake kuna viti vitatu vya jiwe vilivyochongwa ndani ya ukuta, vya kasisi, shemasi na shemasi msaidizi. Viti vikiwa karibu na sakafu kiasi kwamba huwezi kuketi, sakafu iliinuliwa, mara nyingi katika karne ya 19. Upande wa kaskazini kuna kidaka cha kuwekea vyombo; angalia ukingo, utaona alama ya bawaba na ya kufuli. Hawton na Heckington zina pia kaburi la Pasaka, kidaka kilichochongwa askari waliolala, ambamo Ekaristi ililazwa Ijumaa Kuu hadi alfajiri ya Pasaka.

Kanuni moja yafaa kukumbukwa: kidaka chenye tundu la maji popote kilipo ni cheti cha altare iliyotoweka. Kikiwa kwenye ubavu wa kusini, palikuwa na altare pale. Kikiwa juu ukutani, mita tatu au nne kutoka sakafuni karibu na tao kubwa, altare ilikuwa kwenye roshani.

Roshani hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Chini ya tao kubwa kulikuwa na kiambaza cha mbao: chini mbao zilizozibwa na kuchorwa watakatifu, juu nguzo nyembamba zenye nakshi za kuonea altare, katikati malango. Juu yake ilikaa roshani ya kutembelea, na juu ya roshani Msalaba Mkuu, Maria kushoto na Yohane kulia. Sanamu ziliondolewa chini ya Mfalme Edward VI kuanzia 1547, zikarudishwa na Malkia Mary, aliyekuwa Mkatoliki, kisha amri ya Malkia Elizabeth ya 1561 ikaagiza roshani zishushwe lakini kiambaza kibaki. Kwa hiyo leo unakuta mlango mdogo ukutani, ngazi nyembamba za kuzunguka, halafu mlango wa pili hewani usiofungukia kitu. Ranworth, Norfolk, ndiko ningempeleka mtu kwanza. Ukipiga magoti mbele ya mbao za watakatifu wa viambaza vya aina hii, chunguza nyuso: katika makanisa mengi mikwaruzo imelenga macho na midomo, mavazi yakaachwa. Aliyefanya hivyo alijua anachokitafuta.

Nyuma ya Msalaba Mkuu, juu ya tao, palichorwa Siku ya Hukumu. Wenhaston, Suffolk, ilichorwa kwenye mbao, ikapakwa chokaa. Mwaka 1892 mbao zilitupwa nje makaburini kama takataka, mvua ya usiku ikaosha chokaa, na picha ikajitokeza. Ndani yake kuna nafasi tupu zenye umbo la msalaba na watu wawili, kwa sababu sanamu zilisimama mbele ya mbao na mchoraji hakupoteza rangi nyuma yake.

Michoro ya ukutani mingi ilipakwa juu ya chokaa iliyokwisha kukauka, kwa udongo mwekundu, udongo wa njano, chokaa nyeupe na makaa. Rangi haikuingia ndani ya ukuta, ndiyo maana hubanduka kwa urahisi. Mwanzoni mwa karne ya 20 warekebishaji waliipaka nta ili ing'ae. Nta ikafunga unyevu, chumvi ikasukuma kutoka nyuma, na rangi ikaondoka na nta. Kuiondoa nta hiyo ni kazi ya sentimita kwa sentimita.

Mabenchi yalichelewa. Watu walisimama au kupiga magoti, wazee na wagonjwa wakiketi kwenye kibaraza cha jiwe kando ya kuta. Sinodi ya Exeter ya 1287 ililalamikia ugomvi wa viti, kwa hiyo vilikuwapo baadhi, ila mabenchi ya mwaloni yenye vichwa vilivyochongwa ni hasa ya karne ya 15. Vioo vya rangi navyo vimebaki vipande vipande, isipokuwa Fairford, Gloucestershire, ambako madirisha yote 28 yana vioo vya karibu mwaka 1500. Njano yake ni ya madini ya fedha: mchanganyiko wa madini hayo ulipakwa nyuma ya kioo na kuchomwa tanuri. Adui mkubwa wa dirisha ni fito za chuma zinazolishikilia. Chuma kikipata kutu huvimba na kupasua jiwe lililokishika.

Na ukarabati ndio unaoamua kama yote haya yatabaki. Kosa lililoharibu mawe mengi ni saruji. Ukuta wa chokaa hupokea unyevu na kuutoa kupitia maungio. Ukiyaziba kwa saruji, maji hutafuta njia kupitia jiwe, chumvi hukusanyika usoni, baridi huligandisha, na baada ya miaka kadhaa utaona jiwe limerudi ndani huku saruji ikibaki imetokeza. Anayeishi katika nyumba ya matumbawe Lamu au Mji Mkongwe anaijua tabia hii. Dawa ni kutoa saruji kwa patasi na mkono, si kwa mashine inayokata kingo za jiwe, kwenda ndani angalau mara mbili ya upana wa ungio, kulowesha, kisha kujaza chokaa sehemu moja kwa mchanga mkali sehemu tatu. Usifanye joto likishuka chini ya nyuzi 5, na funika kwa magunia mabichi ili isikauke haraka.

Ndani ya paa, mdudu anayekula mwaloni mkongwe huhitaji unyevu. Utamkuta kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani, pale mfereji wa risasi unapovuja. Kupulizia dawa bila kuziba uvujaji ni kupoteza fedha. Tangu sheria ya Kanisa ya 1955 kila kanisa la parokia hukaguliwa na msanifu kila miaka mitano, lakini mifereji haisubiri miaka mitano. Isafishwe angalau mara mbili kwa mwaka, na moja iwe Novemba au Desemba, majani yakishaanguka yote. Anayekagua aende siku ya mvua: mfereji ulioziba unaonekana pale maji yanapomwagika ukutani, na chini yake, ndani, ndipo pa kutafuta ubao laini.